Kutembeza mbwa Dartmoor si kazi ya mzaha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Huko nyumbani umekuwa utani wa kila siku: fulani kaenda Ulaya kutembeza mbwa. Utani hauui. Ila wapo vijana wanaoipokea kazi hiyo kwa akili hiyo hiyo ya utani, na baadhi huipata huku Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, jirani na nyika ya Dartmoor, tena katikati ya majira ya baridi. Hao ndio ninaowaandikia.

Dartmoor ni hifadhi ya taifa tangu 1951, kilomita za mraba 954 za vilima vya mawe, vichaka vifupi na vinamasi. Kilele chake, High Willhays, ni mita 621 tu. Mpagazi aliyezoea kupita Shira, Kilimanjaro, kwenye mita 3,800 hivi, atakiona kama kichuguu. Asidanganyike. Kule kinachobana ni urefu. Huku ni maji na upepo vikija pamoja. Manyoya humtunzia mbwa joto kwa hewa inayonaswa ndani yake. Yakilowa hadi kwenye ngozi, hewa hiyo haipo tena, na upepo unamaliza kazi. Ndiyo maana nyuzi 3 zenye mvua ya ubavuni ni mbaya kuliko nyuzi 5 chini ya sifuri siku iliyotulia.

Msisome utabiri wa mjini. Princetown, kijiji cha katikati ya nyika, iko kama mita 400 juu kuliko Exeter, mji mkuu wa Devon. Toeni nyuzi 2 au 3 na muongeze upepo. Desemba jua huchomoza kama saa mbili na dakika kumi asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni. Saa nane mchana uwe umeshageuka, hata kama mbwa bado anataka kucheza. Anza safari ukiukabili upepo, ili wakati wa kurudi, mkiwa mmechoka, uwe unawasukuma mgongoni. Wengi hufanya kinyume chake kwa sababu mwanzo unakuwa mtamu.

Upepo huo huo ndio unaopoteza mbwa. Mbwa huvutwa na harufu, na harufu ya kondoo humfikia kutoka kule upepo unakotoka, basi hukimbilia huko. Ukimwita, sauti yako inarudishwa nyuma. Harufu yako nayo inapeperushwa upande wa pili, kwa hiyo hakusikii wala hakunusi. Mtu anapiga kelele dakika kumi akidhani mbwa ni mkaidi, kumbe mbwa hajui hata kwamba anaitwa. Filimbi inasaidia kuliko koo, lakini iwe isiyo na kipira ndani, maana kipira hukwama kikilowa au kikiganda. Ukungu ukishuka, au kondoo wakiwa karibu, mbwa asiachiwe kabisa.

Kamba iwe ya mita 2, nene, iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani. Zile za uzi mwembamba unaojikunja ndani ya kishikio mziache mjini: zinanasa vichakani, zinajaa matope zikagoma, na uzi ukikimbia kiganjani unachana ngozi. Usizungushe kamba kwenye kifundo cha mkono. Mbwa wa kilo 30 akivuta ghafla juu ya barafu, ni wewe utakayevunjika. Sheria ya ardhi za wazi inataka kamba isiyozidi mita 2 kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, na wakati wowote mkiwa karibu na mifugo. Kondoo wenye mimba wakikimbizwa huweza kuharibu mimba hata bila kung'atwa, na sheria ya 1971 inamkinga mfugaji anayempiga risasi mbwa huyo kama hakuna njia nyingine ya kumzuia. Ng'ombe ni kinyume: wakikujia, achia kamba. Wanamtaka mbwa, na mbwa ana mbio kukuzidi.

Upande wa kaskazini jeshi hufanya mazoezi ya kulenga shabaha. Bendera nyekundu ikipepea, hupiti.

Kijani kibichi kinachong'aa katikati ya majani ya kahawia si malisho, ni kinamasi. Mbwa akizama humo, lala kifudifudi ili uzito wako utawanyike, kisha mvute kwa mkanda wa kifuani, polepole, kwa pembe ya chini. Ukimvuta kwa shingo utamnyonga. Mto uliofurika ni habari nyingine. Usiingie kumfuata. Tembea ukingoni kuelekea maji yanakokwenda, umwite kutoka mahali anapoweza kupanda.

Mbwa wenye manyoya mafupi, wazee na wembamba wavalishwe koti linalofunika kifua na tumbo. Vidole viwili vipite kati ya koti na shingo. Koti likishalowa chapachapa, livue. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2. Akitetemeka, mwili bado unapigana. Akiacha kutetemeka, akapepesuka na kutaka kulala, hiyo ndiyo hatari: mkaushe, mfunike, weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo ubavuni, na mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuwasha gari.

Mabonge ya theluji yanayoganda katikati ya vidole yasing'olewe kwa kuvuta. Yayeyusheni kwa maji ya uvuguvugu, kisha osheni miguu yote, maana chumvi ya barabarani inaunguza na mbwa atairamba. Anzeni kukausha tumbo; mgongo, ambao kila mtu huukimbilia, hukauka wenyewe.

Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi hula betri. Ukikwama piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Bila mtandao, filimbi mara sita kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

La mwisho kwa wanafunzi: viza yenu hairuhusu kujiajiri, na kazi hii mara nyingi hutolewa kwa mtindo huo. Dai mkataba wa ajira kabla hujashika kamba ya mtu.

Mtembeza mbwa,
Devon, Uingereza