Usitibu metali za bwawa kwa dawa ya mwani yenye shaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani, hasa wanaoyajaza kwa maji ya kisima. Maji yakianza kugeuka kijani, wengi hukimbilia chupa ya dawa ya mwani bila kusoma kilichomo. Dawa nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa shaba, na wapo wanaomwaga mrututu moja kwa moja, ambao ni chumvi ya shaba. Kama tatizo lilikuwa metali, yaani shaba au chuma kilichoyeyuka majini, basi bwawa limeongezewa metali.

Kutofautisha mwani na metali si kazi ngumu. Maji yenye mwani yana ukungu, na ukipitisha kiganja ukutani unahisi utelezi. Maji yenye shaba huwa ya kijani lakini maangavu. Sarafu iliyozama upande wa kina kirefu bado unaiona. Chuma huyapa maji rangi ya chai, mara nyingi saa chache tu baada ya kutia klorini, kwa kuwa klorini hukigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa kutu. Ukikuta doa la kahawia ukutani au kwenye ngazi, shikilia kidonge cha vitamini C juu yake kwa nusu dakika. Likipauka pale pale, hicho ni chuma. Doa la majani au mwani halijali vitamini C, lenyewe hupauka kwa klorini.

Ugumu uko katika kuyaondoa madoa hayo ya chuma. Madoa ya chuma huondolewa kwa asidi askobiki, yaani vitamini C ya unga. Lakini vitamini C na klorini huangamizana: kila gramu 1 ya klorini humaliza takriban gramu 2.5 za vitamini C. Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hilo ni lita 48,000. Likiwa na klorini miligramu 3 kwa lita, ndani yake mna gramu 144 za klorini, nazo zitakula gramu 360 za vitamini C kabla doa moja halijaguswa. Ndiyo maana klorini lazima ishuke hadi sifuri kwanza. Na bwawa lisilo na klorini, hasa maji yakiwa ya vuguvugu, ni shamba la mwani. Siku chache zinatosha.

Kwa hiyo dawa ya mwani inahitajika kweli katika kazi hii, ila iwe ya aina moja tu: polikwati ya asilimia 60. Haina shaba na haitoi povu. Zile dawa za bei rahisi za jamii hiyo, ziitwazo kwati, hazina shaba pia, lakini hutoa povu linalokaa juu ya maji siku nyingi, na pampu ikiwashwa ndiyo linazidi. Soma lebo mpaka mwisho. Ikitaja shaba, au fedha, irudishe rafuni, hata kama imeandikwa kwamba shaba yake “imefungwa”. Kifungo hicho huja kulegea, shaba ikabaki majini.

Jambo linalosahaulika ni kwamba polikwati huzuia mwani usiote, haitegemewi kuua mwani uliokwisha kushamiri. Bwawa ambalo tayari ni la kijani kwa mwani lisafishwe kwanza kwa klorini, brashi na chujio, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa karibu 7.2, hata kama madoa ya chuma yatakolea. Doa litangoja. Ukianza na vitamini C kwenye bwawa lenye mwani, utalazimika kupandisha klorini juu sana katikati ya kazi, na chuma chote ulichokiyeyusha kitarudi ukutani.

Maji yakishakuwa safi, toa vidonge vya klorini kwenye skima (tundu la ukutani linalovuta takataka za juu ya maji), zima mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi kama ipo, na uache jua lishushe klorini. Shusha pH hadi 7.2. Klorini ikifika miligramu 1 kwa lita au pungufu, weka polikwati kwa kipimo cha lebo na uache pampu izungushe maji kwa saa kadhaa. Usiiweke mapema klorini ikiwa bado juu, maana klorini kali huivunjavunja. Klorini ikifika sifuri, nyunyiza vitamini C kando kando ya bwawa, palipo na madoa zaidi. Anza na gramu 6 kwa kila lita 1,000. Kwa bwawa la mfano wetu ni kama gramu 290. Madoa yasipotoka, ongeza kidogo kidogo, na kwa kawaida hutahitaji kuzidi mara mbili ya hapo. Mtu yeyote asiogelee wakati huu, kwani maji hayana kinga dhidi ya vijidudu.

Madoa yakitoka, chuma hakijaondoka. Kimeyeyuka tu, na klorini ikirudi kitageuka kutu tena. Hapo ndipo inapoingia dawa ya kushika metali zisigeuke madoa, ambayo aghalabu ni ya jamii ya asidi ya fosfoni. Usiimimine pamoja na polikwati: moja ina chaji hasi na nyingine chanya, na zikikutana zikiwa nzito zinaweza kuganda na kutia maji ukungu. Halafu rudisha klorini polepole, kwa dozi ndogo za klorini ya maji. Vipimo vya mwanzo vitaonyesha sifuri, kwa sababu vitamini C iliyobaki na polikwati yenyewe zinaila. Watu wengi huingiwa na hofu hapa, wakamwaga klorini ya siku nzima kwa mara moja, na asubuhi madoa yamerudi. Ongeza, subiri, pima, ongeza tena. Vitamini C pia hushusha kiwango cha alkali majini, kwa hiyo pima kiwango hicho, lakini usiharakishe kupandisha pH kwa wiki 2 za mwanzo.

Kamwe usichanganye dawa hizi zikiwa kavu, wala usitumie kikombe kimoja kwa vitamini C na klorini ya unga. Zinaweza kuwaka moto.

Klorini huimaliza dawa ya kushika metali taratibu, hivyo iongezwe kila wiki au kama lebo inavyosema. Maji yakipungua kwa jua, metali hubaki, na kila unapoongeza ya kisima unaongeza nyingine. Njia ya hakika ya kuzipunguza ni kutoa sehemu ya maji na kujaza yasiyo na metali. Kabla ya kujaza, chota maji hayo kwenye ndoo nyeupe, tia kifuniko kimoja cha klorini ya maji, uache nusu saa. Yakigeuka kahawia, yapitishe kwanza kwenye chujio la chuma kabla hayajafika bwawani.

Fundi wa mabwawa ya kuogelea