Si kila mguu ni wa kukandwa kwa maji moto

Mhariri,

Msimu wa kaskazi umeingia, bahari imetulia, na kila maji ya bamvua yakikauka watu hushuka mwambani kutafuta pweza na chaza, kuanzia Shela hadi Kizingitini. Ndiyo miezi ya miguu katika zahanati za visiwani: iliyochomwa, iliyokatwa, iliyoteguka. Sisi tunaoandika ni wauguzi na matabibu wa hapa Lamu, na tuna neno moja tu. Nyumba nyingi huku zina dawa moja ya mguu, nayo ni kukanda kwa maji moto na chumvi. Upo mguu ambao maji hayo ndiyo tiba hasa, tena hushinda dawa nyingi za maumivu. Upo na mwingine ambao maji hayo hayo huuharibu.

Tuanze na taa, samaki yule bapa mwenye mwiba mkiani, maana hapo ndipo watu huyaacha maji moto na kukimbilia mambo mengine. Taa hujifukia mchangani kwenye maji mafupi. Akikanyagwa hupiga mkia juu, na mwiba huingia kifundoni au juu ya wayo. Mwiba huo una meno kama ya msumeno yaliyolala kinyume, kwa hiyo hukata ukiingia na huchana ukitoka, na ngozi iliyoufunika hubeba sumu. Maumivu hupanda kwa kasi na mara nyingi hufikia kilele ndani ya saa moja au moja na nusu. Sumu yenyewe ni protini, na joto huiharibu. Ndiyo sababu mguu unatakiwa utiwe kwenye maji ya nyuzi 42 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90, au mpaka maumivu yapungue sana. Chini ya hapo hayafanyi kazi ya maana. Juu ya hapo yanababua ngozi.

Kipimajoto hakipatikani kila jikoni, lakini hesabu ni rahisi. Kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa vikombe vitatu vya maji ya tangi, ambayo kwa hali yetu ya hewa huwa kama nyuzi 28, hutoa maji ya nyuzi 46 hivi, na ndoo yenyewe hunyonya kidogo. Changanya kwanza, koroga, ndipo mguu uingie. Maji yakipoa, toa mguu, ongeza ya moto, koroga tena, rudisha. Usimimine maji ya birika huku mguu uko ndani. Na anayepima asiwe mgonjwa: mtu aliyechomwa na taa hawezi kuamua kipi cha moto na kipi kinauma, naye atakwambia ongeza, ongeza, mpaka aungue. Mwenzake atie kiwiko. Kama hawezi kukiacha humo bila kukiondoa, maji yamezidi.

Kabla ya hapo jeraha lisafishwe kwa maji mengi, na kama damu inatoka kwa nguvu, likandamizwe kwa kitambaa safi. Kamba ya kufunga juu ya mguu haina faida. Huibana sumu mahali pamoja na kuinyima nyama damu. Kunyonya na kuchanja ni vivyo hivyo. Kipande cha mwiba kinachoonekana juu juu kwenye wayo chaweza kutolewa kwa kibano. Kilichozama kiachiwe hospitali, ambako picha ya eksirei mara nyingi hukionyesha. Aliyechomwa kifuani, tumboni au shingoni asingoje ndoo wala birika, apelekwe upesi na mwiba usiguswe. Jeraha la taa kwa kawaida haliharakishwi kushonwa, maana uchafu ukifungiwa ndani hutunga usaha.

Samaki yule anayefanana na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni, naye tiba yake ya kwanza ni maji hayo hayo ya moto. Ila sumu yake ni kali zaidi, kwa hiyo safari ya hospitali ianze mguu ukiwa bado ndooni.

Mnyama mweusi wa miiba mirefu ya mwambani ni kesi nyepesi inayofanywa nzito. Miiba yake ni ya chokaa na hukatika kama chaki. Maji moto hutuliza maumivu, kisha siki, kitambaa kilicholowa kikiwekwa kwa dakika 15 hadi 20 mara kadhaa kwa siku, husaidia kuyeyusha vipande vya juu. Kilichochomoza kitoe kwa kibano, ukikivuta sawasawa na kilivyoingia. Usichokonoe kwa sindano ya cherehani. Usipigepige wayo kwa champali wala kwa jiwe ili miiba isagike. Inayosagika ni nyama. Utomvu wa papai tunauona sana, nasi hatuupendi, kwani huwasha ngozi iliyokwisha kuumia. Doa jeusi lisikutishe siku ya kwanza, mara nyingi ni rangi tu iliyoachwa na mwiba. Doa likibaki baada ya siku tatu, au kidole kikiwa kigumu kukunja, huenda kipande kimebaki kwenye kiungo, na hicho hutolewa na daktari.

Sasa mguu ulioteguka. Mtu ameteleza kwenye ngazi ya jiwe yenye umande, au amekosea hatua kwenye ukingo wa mtaro, wayo umegeukia ndani. Kinachochanika kwa kawaida ni kano za upande wa nje wa kifundo, pamoja na mishipa midogo ya damu. Jioni ile ile mguu hutiwa maji moto na kukandwa kwa mafuta, na asubuhi umefura mara mbili. Si ajabu: joto hupanua mishipa iliyochanika, na mikono husukuma damu ienee zaidi. Siku mbili tatu za mwanzo mguu huu unataka baridi. Barafu ya wavuvi yafaa, ila si safi, basi itiwe kwenye mfuko wa plastiki, ufungwe, uzungushiwe kitambaa, na uwekwe dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Barafu tupu juu ya ngozi nayo huunguza. Bendeji ya kuvutika ianzie karibu na vidole ipande juu, izunguke kifundo kwa mtindo wa nambari nane. Vidole vikibadilika rangi au vikifa ganzi, ilegezwe. Ukilala, mguu uwe juu ya mto, usawa wa juu kuliko moyo.

Kabla ya yote hayo, ujue kama mfupa umevunjika. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, nje na ndani, kuanzia ncha yake kupanda kama sentimita sita. Kisha bonyeza kile kifupa kinachochomoza katikati ya ubavu wa nje wa wayo, halafu mfupa wa juu ya uvungu wa wayo upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Panapouma mfupani penyewe pataka eksirei. Vilevile asiyeweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea, wakati ule wa kuumia na tena anapopimwa. Mkandaji akishika mguu uliovunjika huzisogeza ncha za mfupa zilizokuwa zimekaa vizuri. Wakandaji wetu wazee wana mikono mizuri, nasi hatutaki kuwanyang'anya kazi. Tunawaomba tu waanze siku ya nne, uvimbe ukishatulia na mfupa ukijulikana kuwa mzima. Hapo hata maji ya uvuguvugu yanaruhusiwa. Mgonjwa aanze kuchezesha kifundo mapema, aandike herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, na baadaye ajifunze kusimama kwa mguu ule mmoja. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho hutegua tena pale pale.

Punda akikukanyaga kidole, ni baridi pia. Ukucha ukiwa mweusi na kupwita kwa nguvu, damu imekwama chini yake; zahanati huutoboa tundu dogo siku ile au ya pili, na nafuu huja papo hapo. Nyumbani msijaribu.

Msumari hauna habari na moto wala baridi. Unataka maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika tano hadi kumi, na sindano ya pepopunda ikiwa ya mwisho ilichomwa zaidi ya miaka mitano iliyopita, au mtu hakumbuki. Tundu lisizibwe kwa unga wa kahawa, dawa ya meno wala mafuta ya taa; pepopunda hupenda mahali pasipo hewa. Jambo moja halijulikani sana: msumari ukipitia soli ya mpira ya champali au raba, huweza kubeba bakteria waishio ndani ya soli hiyo, na amoksilini ya dukani haiwawezi. Ukiona maumivu yamepungua, kisha kati ya siku ya tatu na ya saba yanarudi na wayo unavimba upya, usinunue dozi ya pili. Huenda mfupa umeguswa.

Mstari mwekundu uliojipinda kama njia, unaowasha usiku na kusonga kidogo kila siku, ni minyoo midogo ya paka na mbwa iliyoingia kutoka mchangani. Watu huimwagia maji ya moto na kupata malengelenge juu ya minyoo. Haifi hivyo. Humalizwa kwa albendazoli miligramu 400 kwa siku, siku tatu, au dozi moja ya ivermektini kulingana na uzito, kwa ushauri wa tabibu. Mja mzito aulize kwanza.

Mguu tunaouogopa kuliko yote ni wa mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua hisia za nyayo, na mwenyewe hajui. Analalamika kuwa miguu ina ganzi na baridi, watoto wanamletea beseni ili apate raha, naye hasikii kama maji yamepita kiasi. Ngozi inabanduka, kidonda kinachelewa kupona kwa sababu damu haifiki vizuri, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa kidole au mguu. Kwake hakuna kuloweka kabisa. Aoshe kila siku kwa maji yasiyozidi nyuzi 37, ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko, na akaushe katikati ya vidole. Baada ya udhu pia, maana unyevu unaobaki humo mara tano kwa siku hualika fangasi, na ufa wa fangasi ni mlango wa bakteria. Mafuta apake kisiginoni kwenye magaga, si kati ya vidole. Atazame nyayo kila usiku, kwa kioo kama hawezi kuinama, na akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, kionwe siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kwa wenye vyombo na vikundi vya wavuvi tuna ombi. Anayechomwa na taa nje ya Kiwayu yuko mbali na birika lolote. Chomboni pawekwe chupa ya chai ya lita moja iliyojazwa maji yaliyochemka alfajiri, na ndoo nyembamba. Maji hayo pamoja na lita tatu za maji ya bahari, yakishapimwa kwa kiwiko cha mwenzake, hutosha kufunika wayo hadi kifundoni. Na chupa ya pili ihifadhiwe ya kuongezea, kwa sababu dakika 90 ni nyingi na upepo hupoza ndoo.

Wauguzi na matabibu,
Lamu