Kwa nini samaki wa vijito vya msitu wa Kongo hawaishi katika maji ya mbuna

Wateja wengi wa samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam huanza na mbuna wa Ziwa Nyasa, nao hufanikiwa, kwa sababu maji ya visima vingi vya pwani yana chokaa ya kutosha na mbuna huyapenda jinsi yalivyo. Shida huanza pale mfugaji huyo huyo anapovutiwa na tetra wa Kongo au domodomo, akamnunua na kumtia katika tangi lile lile. Baada ya siku chache samaki hupoteza rangi, hubana mapezi, hukataa chakula, na hatimaye hufa bila kidonda wala dalili ya ugonjwa. Wengi hudhani wameuziwa samaki mgonjwa, ilhali kilichomuua ni maji, na maji hayo hayaeleweki vizuri mpaka mtu ajue kijito alichotoka samaki huyo.

Mto Ruki, unaoingia katika Mto Kongo karibu na mji wa Mbandaka, unakusanya maji ya vijito vingi vinavyopita katika msitu mnene wenye kinamasi, na maji yake yamekolea rangi kama chai ya rangi. Maji hayo si machafu. Mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima juu ya udongo ambao madini yake yalikwisha kuoshwa tangu zamani, hivyo maji yanayofika kijitoni yana chokaa kidogo mno. Na kwa kuwa hupita katika majani na magogo yanayooza, hubeba tanini na asidi za mimea zinazoyapa rangi ile. Katika vijito vya maji meusi pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho kadiri kinavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi, huwa chini ya 6, na pengine hukaribia 4, ilhali maji ya Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tarakimu zinavyoonyesha, kwa sababu kila hatua moja ya pH ni badiliko la mara kumi: kutoka 6 hadi 9 ni badiliko la mara elfu moja.

Jambo la pili ni mwanga. Matawi hufunika kijito, jua hufika chini kwa vipande tu, na mimea ya majini haistawi kwa wingi. Kwa hiyo chakula hakitoki majini bali hudondoka kutoka msituni: siafu, mchwa, mbegu, matunda, na majani ambayo yakioza hulisha wadudu wadogo wanaoliwa na samaki. Maumbile ya samaki wenyewe yanatokana na hali hiyo, nasi huona hapo ndipo uzuri wao ulipo. Samaki-kipepeo hukaa juu kabisa, mdomo wake ukielekea juu, akisubiri mdudu aanguke. Ngogo anayeogelea chali hujilisha chini ya magogo na majani yanayoelea, na tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo wake, kinyume cha samaki wengi, kwa sababu tumbo ndilo linaloelekea juu. Domodomo hutafuta minyoo kwenye tope gizani kwa kutoa umeme hafifu unaozunguka mwili wake na kuhisi unavyobadilika. Ubongo wake ni mkubwa kiasi kwamba hutumia takriban asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Samaki wa namna hii ukimweka chini ya taa kali, juu ya changarawe nyeupe, bila mahali pa kujificha, hatatulia hata kidogo.

Tangi lake basi liandaliwe kwa kufuata kijito. Maji ya mvua ndiyo msingi, yakingwe baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, kisha yachanganywe na maji ya kisima kidogo kidogo huku yakipimwa, kwa kuwa maji yasiyo na chokaa kabisa hubadilika pH ghafla. Tetra wa Kongo waliozalishwa na wafugaji huishi vizuri kwenye pH kati ya 6 na 7. Domodomo na samaki-kipepeo, ambao wengi bado huvuliwa porini, huhitaji uangalifu zaidi. Majani makavu ya mkungu, mti uliojaa katika mitaa yetu, hutoa tanini ya kutosha, ilimradi yawe yameanguka yenyewe na hayajapuliziwa dawa. Makombe na mawe ya matumbawe kutoka ufukweni yaondolewe, maana huyeyusha chokaa majini mwezi hadi mwezi. Ukilitilia shaka jiwe, lidondoshee siki: likitoa povu, lina chokaa. Tangi lisikae dirishani penye jua, kwani vijito hivyo vyenye kivuli huwa na maji ya nyuzi joto 24 hadi 27, na maji yakipata joto zaidi hupungukiwa na oksijeni.

Hatari kubwa kuliko zote iko siku ya kumhamisha samaki. Akiwa ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi yake huongeza kabonidayoksaidi na kushusha pH, na taka zake hubaki katika umbo la amoniamu, lisilo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka. Ukiongeza na maji yenye chokaa, pH hupanda haraka, na amoniamu hiyo hugeuka kuwa amonia, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Ndiyo maana hatupendi samaki aliyesafiri saa nyingi akaachwa katika maji ya mfuko huku akiongezewa maji mapya polepole. Ni salama zaidi tangi liandaliwe mapema lifanane na maji aliyozoea, kisha samaki aopolewe kwa wavu na kuingizwa, na maji ya mfuko yamwagwe.

Kabla hujanunua samaki yeyote wa Kongo kwetu, tuletee maji ya tangi lako katika chupa safi iliyojazwa hadi juu. Tutapima pH, chokaa na amonia bila malipo mbele yako. Tukiona maji yako ni magumu mno, yaani yana chokaa nyingi, na huna mahali pa kukinga mvua, tutakushauri ubaki na mbuna, na hatutakuuzia domodomo.