Mjomba, kunguru wa uani sijamfuga

Mjomba, shikamoo.

Mara ya mwisho ulipokuja Tabora uliondoka umenuna kwa sababu ya ndege. Ulikuwa umekaa chini ya mwembe, chai haijapoa, kunguru wawili wakakushukia kwa makelele mpaka ukahamia sebuleni. Ukasema nimeiharibu nyumba kwa kufuga kunguru, na hapohapo ukasema kunguru hafugiki. Samahani Mjomba, chagua moja.

Sijamfuga. Kwanza hawa si wale wa kwenu Dar wenye shingo ya kijivu, waliopelekwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakaenea pwani. Hawa ni wenyeji wetu, weusi wenye kizibao cheupe kifuani.

Tulianza na karanga, mwaka juzi. Nilikuwa namenya za mbegu, moja ikaniponyoka. Kunguru mmoja akaja kiubavuubavu, kama mdaiwa anayepita mbele ya duka la anayemdai, akaidokoa na kurudi juu ya bati. Kesho yake nikadondosha nyingine kwa makusudi. Kilichonishinda mwanzoni ni macho yangu mwenyewe: nikimtazama, haji. Nikiinamia ungo kama vile hayupo, nasikia kucha zake kwenye sakafu. Kutoka kwenye bati mpaka karibu na kigoda changu ilimchukua miezi mitatu hivi, na hapo akaweka mpaka, hatua mbili, ambao hajauvuka hadi leo. Mkononi hali. Karanga moja anaila, nyingine anaifukia chini ya majani makavu na kuifunika vizuri. Mkate mkavu anauchovya kwanza kwenye maji ya kuku. Mwenzake hajawahi kushuka hata siku moja; yeye kazi yake ni kunichunguza kutoka mwembeni.

Sasa tuje kwako. Ndege hawa wanashika sura. Huko Seattle, Marekani, mwaka 2006, mtafiti wa ndege John Marzluff na wenzake walivaa barakoa ya kutisha wakanasa kunguru 7, wakawaachia. Miaka ikapita, lakini aliyekatiza na barakoa ileile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakunaswa. Na Seoul, Korea Kusini, wapo jamaa zao wenye mikia mirefu: utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha walimfukuza mtu aliyezoea kupanda kwenye viota vyao, wakamwacha mwenzake aliyevaa nguo kama zake.

Wewe hukupanda, lakini ile Oktoba ulichukua mti wa kuangulia maembe ukakiangusha kiota chao. Ulisema wanakula vifaranga. Ni kweli, wetu wawili walikwenda na maji, sibishi. Ila mimi na wewe tunafanana pua na kipara, majirani wanatuchanganya, kunguru hakutuchanganya. Mimi nilikuwa nimekaa palepale pembeni yako na hawakunigusa. Sijui kwa nini hilo lilinifurahisha kiasi kile, usimwambie mama.

Ukija mwezi wa nane, ingia kwa mlango wa uani, mikono mitupu. Kaa kwenye kigoda changu. Usinyanyue kitu chochote kirefu, hata ufagio. Dondosha karanga mbili, halafu geuka utazame banda la kuku.

Na uje siku nyingi. Siku tatu hazitoshi.

Mpwa wako