Msitukatie wimbo kabla ya magita

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini Mikindani. DJ akaweka wimbo wa dansi wa zamani wa Mbaraka Mwinshehe, sisi wazee tukainuka. Sauti ilipotulia na magita kuanza kujibizana, kijana akaukata, akaweka singeli, ule muziki wa kasi wa vijana. Shemeji yangu akabaki katikati ya ukumbi, mkono bado ameuinua.

Sina ugomvi na muziki wa vijana. Harmonize wa Bongo Fleva ni mtoto wa Mtwara na namsikiliza kwa fahari. Lakini nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 zilikuwa na sehemu mbili: kwanza kisa, polepole, kisha waimbaji wanawaachia wapigaji magita na saksafoni, watu wacheze. Ukikata hapo umetupa wali bila mchuzi. Bongo Fleva hutengenezwa studio, kwa kompyuta, na mara nyingi sauti ya mwimbaji ndiyo inayobeba wimbo mpaka mwisho. Sisi tuliokulia kwenye sindimba, ngoma ya Wamakonde, tumezoea ngoma kuachwa ikolee.

Wanangu mnaopiga muziki kwenye sherehe, nawaombeni wimbo mmoja tu wa zamani, mzima.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara