Barua ya malalamiko: Katoni ya nguru, ndani papa

Kisenyi, Kampala

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: KUUZIWA PAPA KWA JINA LA NGURU

Bwana Meneja,

Baada ya salamu, mimi ni mteja wenu, huu mwaka wa nne. Nina mkahawa hapa Kisenyi, na kila Alhamisi kijana wenu huniletea samaki wa barafu kutoka Mombasa. Ngege na mukene, samaki wa ziwani, nawapata sokoni bila shida. Kwenu nafuata nguru, maana madereva wa matrela na jamaa wa pwani hawataki kusikia kingine zaidi ya nguru wa kupaka.

Alhamisi iliyopita nilipokea katoni nne, risiti imeandikwa "nguru, vipande". Barafu ilipoyeyuka jikoni kukanuka kama choo cha stendi. Nikadhani wameoza. Nikakata kipande nikitafuta miiba, sikuona hata mmoja, katikati gegedu tu. Pembeni ulikuwa umebaki utepe wa ngozi, aliyechuna aliusahau. Nikaupitisha kidole, ukanikwaruza kama msasa. Bwana Meneja, mimi mzaliwa wa Mombasa. Papa namjua, na harufu ile ya mkojo ni yake.

Sina ugomvi na papa. Tumekula papa mkavu kwa mchuzi wa nazi tangu utotoni. Kuuziwa papa kwa bei ya nguru ni wizi, na hilo tungelimaliza kwa simu. Lililonishikisha kalamu ni zebaki, ile metali yenye sumu.

Zebaki ikifika baharini, bakteria, hasa wa kwenye tope, huigeuza kuwa zebaki ya methili, nayo huingia kwenye vijimea vya majini. Uduvi hula vijimea, dagaa hula uduvi, jodari hula dagaa, papa hula yeyote aliye mbele yake. Kila mlaji hubeba mzigo wa aliowala, kwa sababu mwili hauitoi upesi, na papa huishi miaka mingi akijaza. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, vimemwekea kikomo chake, miligramu 1.6 za zebaki hiyo kwa kilo, wakati jodari ni 1.2. Nguru naye hula wenzake, sikatai. Ila nikijua ninachopika, najua nimpe nani na mara ngapi.

Nilipopiga simu, binti wa ofisini kwenu akanijibu, "Mama, kaanga vizuri tu, moto unaua kila kitu." Zebaki si mdudu. Imeshikana na nyama yenyewe. Ukikaanga, maji yanatoka, yenyewe inabaki palepale.

Nina mteja mmoja, mwanamke wa jirani, mimba ya miezi saba, huja karibu kila mchana kwa kuwa samaki ndiye chakula pekee kisichomchefua. Siku ile nilimpa maharage, akanuna. Ningemwelezaje? Zebaki hii hupita kwa mama hadi kwenye ubongo wa mtoto tumboni. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga taka zake kwenye ghuba, kuna akina mama walioonekana wazima kabisa wakajifungua watoto waliopooza. Na msiseme ni mambo ya mbali. Hapo Busia, njia yenu ya kila wiki, wachimba dhahabu huchanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu.

Simshtaki papa wenu kuwa ana sumu, kwani sijampima. Wala ninyi hamjampima, au kama mmempima hamjanionyesha karatasi. Nataka mnirudishie pesa za katoni zote nne. Kuanzia mzigo ujao, kila katoni iandikwe jina la samaki na bahari aliyovuliwa, na mzigo wa papa, jodari au sulisuli uje na majibu ya maabara ya zebaki. Nakala ya barua hii naipeleka Shirika la Viwango la Uganda.

Katoni tatu ziko kwenye friza langu, hazijafunguliwa. Ya nne ina kile kipande chenye ngozi, nimekifunga kwenye mfuko wake peke yake. Mtu wenu aje avichukue vyote kabla ya Alhamisi, na asije bila pesa, kwani friza ni dogo na umeme nalipa mimi.

Wenu,
Mama mwenye mkahawa, Kisenyi