Barua kwa mwanangu: skeli iwe moja

Mwanangu Neema,

Soma barua hii ukiwa kwenye treni, kabla hujafika Tabora. Ukishafika, mambo ya kuripoti kwa mwalimu mkuu na kutafuta chumba yatakumeza. Nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi pamoja na futikamba, ambayo uliiacha mezani ingawa nilikukumbusha.

Nimeiona chati ya mfumo wa jua uliyonunua ya kufundishia. Rangi zake zinavutia na watoto wa darasa la sita wataipenda, na hilo ndilo linanikosesha raha. Sayari zote nane zimepangwa mstari mmoja zikikaribia kugusana. Dunia imechorwa na upana wa sentimita 2. Kwa ukubwa huo Jua lilipaswa kuwa na upana wa mita 2 na sentimita 18, nalo likae mita 235 kutoka Dunia. Mchoraji ametumia skeli moja, yaani kipimo kimoja cha kupunguzia, kwa ukubwa na nyingine kabisa kwa umbali, wala hakuandika popote kwamba amefanya hivyo. Mtoto akiitazama mwaka mzima ataamini kwamba anga limejaa, kumbe karibu lote ni tupu. Nakuomba sana, mama, skeli iwe moja. Chati itundike siku ya kufundisha majina. Siku ya umbali watoe nje.

Skeli inayofaa ni 1 kwa 10,000,000,000. Sufuri zisikutishe. Waandikie ubaoni hivi: milimita 1 ni kilomita 10,000, na mita 1 ni kilomita milioni 10. Ni skeli ileile, na waache wahakikishe wenyewe, kwa sababu mita ina milimita 1,000. Kuanzia hapo hakuna hesabu ngumu. Jua lina upana wa kilomita 1,392,000, basi ni sentimita 14, balungi kubwa. Ukikosa balungi, watoto wafunge mpira wa makaratasi kwa nailoni, muupime hadi ufike hapo. Dunia ina kilomita 12,742, yaani milimita 1.3: punje ya ulezi, tena chagua zile ndogo. Zuhura ni punje nyingine ya ulezi. Mwezi ni chembe ya chumvi ya Uvinza iliyosagwa laini, na unakaa sentimita 3.8 tu kutoka kwenye ulezi. Mshtarii ni gololi ya milimita 14, Zohali ni donge la udongo la milimita 12 hivi. Uranusi na Neptuni ni choroko mbili. Zebaki na Mirihi ni chembe za mchanga, ya Mirihi iwe kubwa kidogo.

Sasa umbali kutoka kwenye balungi: Zebaki mita 5.8, Zuhura 10.8, Dunia 15, Mirihi 23, Mshtarii 78, Zohali 143, Uranusi 287, Neptuni 450. Uwanja wa shule utaishia karibu na Mshtarii, kwa hiyo chunguza njia mapema, ukienda peke yako, usije ukawatoa watoto hadi barabarani kwenye pikipiki.

Ulezi ukiuweka chini umepotea. Gundisha kila punje kwa selotepu kwenye kipande cha boksi jeupe, andika jina, kifunge kwenye kijiti. Usiwape watoto kupima kwa hatua, kwa sababu hatua ya mtoto wa miaka kumi na moja na yako hazilingani, na kufika Neptuni kosa litakuwa la mita nyingi. Tumia kamba ya manila ya mita 20 yenye fundo kila mita 5, uikague kwa futikamba asubuhi ileile, kwani kamba ikivutwa sana hurefuka. Na waambie kwamba sayari hazisimami foleni. Kila moja inazunguka kwa mwendo wake, na siku yoyote ile moja inaweza kuwa upande huu wa balungi na nyingine ng'ambo.

Kuna uthibitisho ambao usiuache. Mtoto akisimama penye ulezi akalitazama balungi, ataliona na ukubwa uleule wa Jua la mbinguni. Ila ole wako umruhusu mtoto mmoja alitazame Jua lenyewe ili alinganishe! Walipe Jua mgongo. Toboa foili kwa sindano, tundu la milimita 1, mwanga upite na kutua kwenye karatasi nyeupe mita 2 kutoka kwenye tundu. Kitaonekana kiduara cha milimita 19 hivi, na hiyo ni taswira ya Jua. Umbali umezidi upana karibu mara 107. Gawanya sasa sentimita 1,500 kwa 14. Jibu ni lilelile, na linapatikana tu kwa sababu skeli ni moja. Kwa chati yako lisingepatikana kamwe.

Nuru nayo ipunguze kwa skeli hiyo. Kilomita 300,000 kwa sekunde zinakuwa sentimita 3. Mtoto mmoja asogeze kidole sentimita 3 kila sekunde kutoka kwenye balungi kwenda kwenye ulezi. Atatumia dakika 8 na zaidi, na watachoka. Waache wachoke.

Halafu uliza nyota ya jirani iko wapi. Watasema pale kwenye miti. Chombo cha anga cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kimeshavuka kilomita bilioni 24, na kwenye skeli yetu hakijafika hata kilomita 3 kutoka kwenye balungi. Mwaka mmoja wa nuru, yaani njia ambayo nuru huipita kwa mwaka mzima, kwenye skeli hiyo ni kilomita 946. (Wakumbushe kila mara kwamba huo ni umbali, si muda. Hata watu wazima wanakosea hapo.) Reli ya kutoka kwetu Kigoma hadi Tabora, ambayo leo imekulaza njiani, ni kama kilomita 400, yaani chini ya nusu ya mwaka wa nuru. Nyota hiyo ya jirani, Proxima Centauri, iko miaka 4.24 ya nuru, na hiyo kwenye skeli yetu ni kilomita 4,000: kutoka Tabora kwenda kaskazini hadi Iskandaria, Misri. Balungi moja Tabora, jingine dogo kabisa Iskandaria, lenye upana wa sentimita 2, na kati yao karibu hakuna kitu. Ni katika mji huohuo Mgiriki Eratosthenes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alipima kivuli saa sita mchana, akapata pembe ya nyuzi 7 na kidogo, yaani sehemu moja ya 50 ya duara, na kwa umbali hadi mji wa kusini ambako Jua lilikuwa utosini saa hiyo akakadiria mzingo wa Dunia nzima.

Kwa galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, itabidi ubadilishe skeli, maana Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa skeli ya balungi ingetaka kilomita milioni 95. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Ukibadilisha, futa ubao wote, tangaza kwa sauti, waandike skeli mpya kwenye ukurasa mpya: milimita 1 ni mwaka 1 wa nuru. Njia Nyeupe sasa ina upana wa mita 100, uwanja wa mpira. Jua letu liko mita 26 kutoka katikati, Proxima iko milimita 4 pembeni yake, na mfumo wetu wote hadi Neptuni ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Andromeda, galaksi nyingine kubwa, iko kilomita 2 na nusu. Mwisho wa yale tunayoweza kuyaona uko kilomita 46,000, zaidi ya kuizunguka Dunia yote. Usiwapeleke mbali kuliko hapo siku hiyo.

Nimeandika kama vile hukusoma. Umesoma, na alama zako za hisabati mama yako amewatangazia hadi wauza dagaa wa Kibirizi. Lakini una haraka, Neema, na mwenye haraka huikimbilia picha iliyokwisha chorwa. Wiki ya kwanza usifundishe hili kabla hujapima uwanja.

Dumu la mawese lisilazwe, mfuniko unavuja kidogo ingawa nimeukaza kwa nailoni. Migebuka ya kukaushwa iko kwenye gazeti, mpe mama mwenye nyumba miwili. Mdogo wako anadai daftari lake la jiografia umeondoka nalo. Kama liko kwenye begi, mpe mtu anayerudi Kigoma, wana mtihani mwisho wa mwezi. Fundi wa bati amekuja, anasema mbao mbili zimeoza, nitazibadilisha kabla ya masika. Na piga simu kwa mama yako, usitume ujumbe tu, anataka kusikia sauti.

Baba yako